Kazi ya Dijei: Masikio Kwanza, Mashine Baadaye

Maandishi ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini nyote mmekwisha kukaa, na karatasi na kalamu ziko tayari. Leo hatutasoma habari za mbolea wala za maji ya kunywa. Tutasoma habari za kazi moja ambayo vijana wengi wanaitamani, na ambayo wazee wengi huidhani kuwa ni mchezo tu. Kazi hiyo ni ya dijei, yaani mtu anayepiga muziki uliorekodiwa ili watu wacheze.

Huenda wewe mwenyewe unaitaka kazi hiyo. Au huenda kijana wako amekuja kukuambia, "Baba, tuuze ng'ombe mmoja, nikanunue mashine ya muziki." Utamjibu nini? Ukikataa bila kujua, waweza kumzibia mtoto riziki yake. Ukikubali bila kujua, waweza kupoteza ng'ombe. Kwa hiyo yafaa tujue kazi hii ina nini ndani yake, mtu hujifunza namna gani, na fedha yapasa itolewe lini.

Dijei hufanya nini?

Dijei ana nyimbo mbili mbele yake wakati wote. Wimbo wa kwanza unasikika ukumbini. Wimbo wa pili anausikia yeye peke yake, katika spika ndogo alizovaa masikioni. Kabla wimbo wa kwanza haujaisha, huuingiza ule wa pili polepole juu yake, kisha huutoa ule wa kwanza. Akifanya vema, wachezaji hawajui wimbo mmoja umekwisha lini na mwingine umeanza lini. Miguu yao haisimami.

Akifanya vibaya, je? Mmepata kuona watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Wakipatana, mchi mmoja hupanda na mwingine hushuka, na kazi huenda. Wasipopatana, michi hugongana. Ndivyo ilivyo kwa nyimbo mbili zisizo na mwendo mmoja. Ngoma hugongana, wachezaji hutazamana, na mmoja mmoja hurudi kukaa. Basi ufundi wa kwanza wa dijei ni kuipatanisha michi hiyo miwili.

Ufundi huu ulitoka wapi

Zamani muziki ulikuwa katika santuri, zile sahani nyeusi zilizopigwa kwa sindano. Watu wetu walizijua mapema. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Lakini kwa miaka mingi mpiga santuri aliweka sahani moja, akangoja iishe, akaweka nyingine. Ufundi wa kuunganisha ulikua baadaye, na sehemu yake kubwa ilitoka katika mji wa New York, huko Marekani.

Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx, msichana aitwaye Cindy Campbell alifanya karamu katika chumba cha chini cha jengo walimokaa, namba 1520, Sedgwick Avenue. Alitaka fedha za kununulia nguo za shule. Wasichana walilipa senti 25 na wavulana senti 50. Aliyepiga santuri alikuwa kaka yake, Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaica, ajulikanaye kwa jina la Kool Herc. Kijana huyu alikuwa amewatazama sana wachezaji. Aliona kwamba hucheza kwa nguvu zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Lakini mahali hapo hupita upesi. Basi alichukua santuri mbili za wimbo ule ule. Ngoma ilipokwisha katika ya kwanza, aliianza katika ya pili, huku akiirudisha ya kwanza nyuma. Hivyo sekunde chache za ngoma zikawa dakika kadhaa.

Kijana mwingine wa Bronx, mzaliwa wa Barbados, aitwaye Grandmaster Flash, alizitia santuri zake alama kwa chaki ya rangi. Alama ilimwonyesha ngoma inaanzia wapi, na ni mara ngapi aizungushe sahani nyuma. Wote wawili walifaidi vinanda vipya vya wakati ule. Kimoja chenye sifa ni Technics SL-1200 cha Japani, kilichotolewa mwaka 1972. Mota yake iliizungusha sahani yenyewe bila mkanda, kwa hiyo mwendo wake ulikuwa imara.

Angalieni jambo hili. Watu hao walianza kwa kuwatazama watu na kusikiliza santuri. Kinanda kiliwasaidia, lakini hakikuwaonyesha la kufanya. Waliosema "ukiona vyaelea, vimeundwa" hawakukosea.

Mashine za siku hizi

Mwaka 2001 kampuni ya Pioneer ya Japani ilitoa mashine iitwayo CDJ-1000. Ilipiga sidii, lakini mtu aliweza kuisukuma mbele na kuirudisha nyuma kwa mkono kama santuri. Baadaye nyimbo ziliingia katika kompyuta na katika flashi. Siku hizi dijei wengi hutumia kompyuta pamoja na ubao wenye vifungo na magurudumu mawili, uitwao kontrola.

Mashine hizi zina nguvu sana. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti nzuri huchukua kama megabaiti 10 tu. Basi flashi ndogo ya gigabaiti 32, inayoingia katika mfuko wa shati, hubeba nyimbo zaidi ya 3,000. Kompyuta huhesabu mapigo ya kila wimbo na kuyachora kwa rangi. Tena kuna kifungo kilichoandikwa SYNC. Ukikibonyeza, mashine huulinganisha mwendo wa nyimbo mbili yenyewe.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza, "Ikiwa mashine hulinganisha yenyewe, mimi nijifunze nini tena?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha somo letu.

Mashine huweza kudanganyika. Huhesabu vema wimbo uliotengenezwa kwa kompyuta, kwa kuwa mapigo yake yamepangwa sawasawa tangu mwanzo hata mwisho. Lakini chukua nyimbo za bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970, kama zile za Morogoro Jazz wakati wa Mbaraka Mwinshehe. Mpiga ngoma wa bendi alikuwa mtu, hakuwa saa. Gitaa likinoga, mwendo huongezeka kidogo. Mwimbaji akianza ubeti, mwendo hupungua kidogo. Ndio uzuri wenyewe wa muziki ule. Mashine ikidhani kwamba mapigo yote ni sawa, baada ya muda mfupi michi hugongana.

Tena mashine huweza kuuhesabu wimbo wa mapigo 70 kwa dakika kuwa ni wa 140, yaani mara mbili. Mtu asiye na sikio husoma namba hiyo akaiamini, akaingiza wimbo wa mbio mahali pa wimbo wa utulivu.

Nyimbo hizo za zamani ndizo wazee huziomba katika arusi zetu, na wazee ndio mara nyingi waliochanga fedha za arusi. Kwa hiyo dijei anayejua kifungo tu hushindwa mbele ya watu wale wale wanaomlipa.

Zoezi la kwanza: kuhesabu

Habari njema ni kwamba mwanzo wa kazi hii haudai fedha. Wadai kuhesabu, na kuhesabu mwajua.

Nyimbo nyingi za kucheza huhesabika nne nne: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne. Nne hizo tuziite fungu moja. Mafungu manane ni mapigo 32. Sikiliza vizuri, utaona kwamba katika nyimbo nyingi jambo jipya huanza baada ya mapigo 16 au 32. Mwimbaji huingia, au ngoma hubadilika, au gitaa hushika. Wimbo wa pili ukiingia mwanzoni mwa fungu jipya, huonekana kama mgeni aliyebisha hodi. Ukiingia katikati ya fungu, ni kama mtu aliyeingia nyumbani mwa watu kwa dirisha.

Sasa tuhesabu pamoja. Gonga meza kwa kidole katika kila pigo.

(Hapa ngoma inasikika kwa robo dakika. Kikundi kisicho na redio kitumie wimbo wowote na saa yenye mshale wa sekunde.)

Umepata mapigo mangapi? Ngoma ile ilikuwa na mapigo 25. Robo dakika ni sekunde 15, na dakika moja ina robo nne. Basi 25 mara 4 ni 100. Wimbo huo una mwendo wa mapigo 100 kwa dakika. Ukizoea, hesabu dakika nzima, upate jibu lililo sawa zaidi.

Sasa wimbo mwingine una mapigo 26 kwa robo dakika. Mwendo wake ni 104. Ikiwa huu wa 104 ndio unaosikika ukumbini, nawe wataka kuingiza ule wa 100, itakupasa uongeze mwendo wa ule wa 100 kwa 4 katika kila mia, yaani asilimia 4. Mashine nyingi za dijei zina kidude cha kusukuma juu na chini kwa kazi hiyo.

Je, ukikosea kidogo tu, ukaupeleka kwa 103 badala ya 104? Kwa dakika moja utakuwa umechelewa pigo zima. Baada ya nusu dakika tu, pigo la wimbo mmoja litaanguka katikati ya mapigo ya mwingine. Kwa hiyo hesabu ya karatasi yakufikisha mlangoni, lakini sikio ndilo likuingizalo ndani. Itakupasa usikilize: je, wimbo wa pili wakimbia au wachelewa? Ukikimbia, uzuie kidogo. Ukichelewa, usukume kidogo. Fanya zoezi hili kila siku kwa nusu saa, bila kubonyeza SYNC. Ukiisha kujua, bonyeza ukitaka. Fundi aliyejua kupima kwa kamba hadhuriwi na kipimo cha kisasa.

Jambo jingine la sikio ni besi, yaani sauti nene ya chini. Besi mbili zikisikika pamoja, muziki huwa tope. Basi unapoingiza wimbo wa pili, punguza kwanza besi yake. Ukifika wakati wa kubadilisha, punguza besi ya wimbo wa kwanza na uipandishe ya pili kwa pamoja. Na ukiona taa nyekundu zawaka katika mashine, punguza sauti. Nyekundu maana yake sauti inakatika, na spika zaweza kuungua.

Kwa nyimbo za bendi za zamani, usizilaze pamoja kwa muda mrefu. Ngoja wimbo wa kwanza ufike mwisho wa fungu, kisha anza wa pili katika pigo la kwanza kabisa. Safi, na upesi.

Zoezi la pili: daftari la nyimbo

Kuwa na nyimbo 3,000 si kuzijua. Mwenye maktaba asiyesoma hakuwa msomi. Mwanafunzi na aanze na nyimbo 100, azijue kama ajuavyo njia ya kwenda kisimani.

Chukua daftari, upige mistari, upate nafasi tano. Ya kwanza, jina la wimbo. Ya pili, jina la mwimbaji au bendi. Ya tatu, mwendo wake kwa dakika, ulivyouhesabu mwenyewe. Ya nne, ni baada ya sekunde ngapi mwimbaji huanza kuimba. Ya tano, ni watu gani huupenda: wazee, vijana, au wote. Kisha uandike majina hayo hayo katika kompyuta, bila makosa. Wimbo ulioandikwa vibaya hauonekani unapotafutwa, na saa nne za usiku watu 200 hawawezi kukungojea.

Daftari hilo litakufundisha njia za kupita. Kwa mfano, vijana wa Dar es Salaam wana muziki wao uitwao singeli, uliokua katika mitaa kama Manzese na Tandale. Watengenezaji wake walichukua vipande vya muziki, pamoja na taarabu, wakaviharakisha mno. Singeli huenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Utatokaje katika wimbo wa mapigo 100 ukaingia humo? Tazama daftari lako. Singeli ya 200 ni mara mbili ya 100. Pigo moja la wimbo wa polepole ni mapigo mawili ya singeli. Michi haitagongana.

Zoezi la tatu: kuwasoma watu

Hili ndilo jambo ambalo mashine haiwezi kulifanya. Kompyuta haioni kama bibi arusi amechoka, kama shangazi zake wamesimama, au kama chakula kimeanza kugawiwa.

Njia ya kujifunza ni kuwa msaidizi wa dijei mzoefu. Mbebee nyaya, funga spika, kisha kaa kando utazame. Usitazame mikono yake tu. Tazama miguu ya watu. Ni wimbo gani uliowainua? Ni wimbo gani uliowaketisha? Usiku huo huo andika. Wakati wa chakula muziki huwa wa chini, watu wapate kuzungumza. Wazee huchezeshwa mapema, kwa kuwa hawakeshi. Vijana huachiwa mwisho. Na mshereheshaji akishika kipaza sauti, dijei hushusha muziki mara moja. Mcheza kwao hutunzwa, na kwao ni pale anapowajua watu.

Tunza masikio yako

Hapa naomba msikilize kwa makini, kwa maana lipotealo halirudi. Ndani ya sikio mna chembe ndogo sana zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Kelele kubwa huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi wa afya ya kazini hushauri mfanyakazi asipite saa 8 kwa siku katika sauti ya desibeli 85. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu. Tuhesabu: 88, saa 4. 91, saa 2. 94, saa 1. 97, nusu saa. 100, robo saa tu! Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sauti katika kumbi isizidi wastani wa desibeli 100. Dijei hukaa humo usiku kucha. Kwa hiyo avae viziba masikio, asisimame mbele ya spika, na asipandishe sauti ya masikioni kushindana na ya ukumbini. Ukitoka kazini ukasikia mlio masikioni, hiyo ni onyo. Dijei asiyesikia ni kama fundi cherehani asiyeona.

Fedha itolewe lini?

Sasa turudi kwa yule kijana na yule ng'ombe. Mwambie hivi: "Mwanangu, kwanza nionyeshe daftari lenye nyimbo 100." Kisha atafute kompyuta ya kuazima. Kuna programu iitwayo Mixxx ambayo hutolewa bure, na kwa hiyo aweza kujifunza bila kununua kontrola. Kisha amsaidie dijei mzoefu kwa miezi kadhaa. Akifika hapo naye bado anaipenda kazi, na watu wameanza kumwita kwa jina lake, ndipo mzungumze habari za mashine. Anunue ndogo kwanza. Spika kubwa zaweza kukodishwa. Haya yote yawafaa wasichana sawasawa na wavulana.

Akianza kazi, kila mapatano yaandikwe: tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, bei, kianzio kilicholipwa, na ni nani atakayeleta jenereta umeme ukikatika. Pande zote mbili zitie sahihi. Awe na flashi mbili zenye nyimbo zile zile, moja mfukoni. Na akumbuke kwamba wimbo una mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Apigaye muziki wa wengine hadharani yampasa aulize habari za kibali kabla ya kuanza, asije akakamatwa huku spika zikilia.

Ndugu wanafunzi, mashine imeipunguzia mikono kazi, lakini imeyaachia masikio na macho kazi yao yote. Kuhesabu, kuandika, kusikiliza na kuwajua watu: haya ndiyo mtaji wa kwanza, na haununuliwi dukani.

Maswali ya kujibu katika kikundi

1. Kwa nini mashine hukosea mwendo wa nyimbo za bendi za zamani?

2. Wimbo mmoja una mapigo 30 kwa robo dakika. Mwendo wake kwa dakika ni mapigo mangapi?

3. Wimbo unaosikika una mwendo wa 105, na unaofuata una 100. Uongeze ule wa pili kwa asilimia ngapi?

4. Mtu yafaa akae muda gani katika sauti ya desibeli 94?

5. Mzungumze: katika kijiji au mtaa wenu, ni nyimbo gani tano ambazo wazee na vijana husimama pamoja kuzicheza? Ziandikeni.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.